Mashambani kwa Waingereza: kinachowakwamisha wanafunzi wetu katika mazoezi ya ufahamu

Mwezi uliopita mzazi mmoja aliniletea daftari la mwanawe wa kidato cha pili, akitaka nimweleze kwa nini kijana amepata sifuri katika swali la mwisho la zoezi la ufahamu la Kiingereza. Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi. Familia moja ya mjini inatoka Jumamosi ya mwezi Juni kwenda kutembea mashambani, inavuka uzio kwa kukanyaga vipago vya mbao, inakatisha konde la mkulima ambamo ng'ombe wanakula majani, inapata chakula cha mchana katika baa ya kijiji, kisha watoto wanacheza mpira uwanjani hadi saa tatu, jua likiwa bado halijazama. Swali liliuliza kama kuna jambo lolote katika habari hiyo ambalo si la kawaida. Kijana alijibu kwa sentensi tatu zisizo na kosa hata moja la sarufi: kwamba watu wale waliingia katika shamba la mwenyewe bila ruhusa, kwamba wazazi waliwapeleka watoto baa, na kwamba mwandishi alikosea saa. Mwalimu aliyakata majibu yote matatu kwa kalamu nyekundu bila kuandika maelezo yoyote pembeni.

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi na nimeyaona makosa ya aina hii mara nyingi mno kuweza kuyaita uzembe wa mwanafunzi. Vitabu vingi vya mazoezi tunavyotumia, pamoja na vile vinavyosambazwa siku hizi kwenye simu, vimetungwa na watu waliokulia Uingereza, nao huandika habari za mashambani kwao kama mtu anavyoeleza njia ya kwenda kisimani kwa mtu wa kijiji hichohicho. Msomaji anayajua maneno, lakini picha inayomjia akilini ni ya Njombe, Kakamega au Pemba. Kwa hiyo nataka kuyachukua maneno machache yanayoleta taabu zaidi, nieleze yanabeba nini huko yanakotoka, na mwishoni nirudi kwa majibu ya kijana yule, kwa sababu alikuwa na haki ya kupata ufafanuzi.

Tuanze na neno "countryside" lenyewe. Maana yake ni eneo lote lililo nje ya miji: makonde, malisho, misitu, vilima, mito na vijiji vilivyo katikati yake. Ndugu yake mfupi, "country", ndiye mwenye kuponza watu, kwani ana maana mbili. Anaweza kuwa nchi nzima, na anaweza kuwa mashambani. Mwanafunzi akisoma kwamba fulani "lives in the country", hutafsiri "anaishi nchini", kisha anashangaa sentensi hiyo inamwambia jambo gani jipya. Dawa ya tatizo hili tunayo nyumbani. Mzanzibari akikuambia mjomba wake yuko shamba, hamaanishi lazima kwamba mjomba ameshika jembe saa hiyo. Anamaanisha kwamba yuko nje ya mji, huko Makunduchi au Donge. Neno "shamba" nalo lina maana mbili, pahali palipolimwa na upande wa nchi usio mji, na hakuna Mzanzibari anayezichanganya. Anayeielewa tofauti hiyo katika Kiswahili ameshaielewa katika Kiingereza, ila hajaonyeshwa.

Jambo la pili ni kujua nani hasa wanaishi huko. Sensa ya mwaka 1851 ilikuwa ya kwanza kuonyesha kwamba wakazi wa miji walikuwa wamewazidi wakazi wa mashambani, jambo ambalo nchi zetu hazijalifikia hata leo. Siku hizi, katika England, mtu mmoja tu kati ya sita hivi anaishi mashambani. Kilimo kinashika takriban asilimia 70 ya ardhi yote ya Uingereza, lakini kati ya wafanyakazi mia moja, wanaofanya kazi ya kilimo ni mmoja au kidogo zaidi ya mmoja. Takwimu hizi mbili zikikaa pamoja zinaeleza mengi: ardhi kubwa sana inalimwa na watu wachache sana, kwa mashine. Wengine wote wanaokaa kijijini ni wastaafu, walimu, mafundi ujenzi, wahudumu wa wazee, watu wanaopanda treni kila asubuhi kwenda kazini mjini, na wengine wanaofanya kazi zao nyumbani kwa kompyuta.

Kwa sababu hiyo, kutafsiri "village" kuwa "kijiji" ni sahihi katika kamusi na ni mtego katika zoezi. Kwetu Tanzania, kijiji ni chombo cha kisheria. Kina mwenyekiti, kina halmashauri na mkutano mkuu, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kina mamlaka juu ya ardhi yake; ukitaka kipande cha kulima, unakwenda kwa kijiji. Kijiji cha England hakigawi ardhi kwa mtu yeyote, maana ardhi yote inayokizunguka ina wenyewe. Kinachofanana kwa mbali na serikali ya kijiji ni baraza dogo la parokia lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1894, ambalo licha ya jina lake si la kanisa tena, na shughuli zake ni kama kutunza uwanja wa michezo, viti vya barabarani, makaburi, na vipande vidogo vinavyokodishwa kwa wakazi wapande mboga. Kanisa lenyewe lina nafasi yake katika msamiati: kwa desturi ya zamani, makazi yenye kanisa huitwa "village", na yale madogo yasiyo na kanisa huitwa "hamlet".

Hapa ndipo linapozaliwa kosa ninalolisikitikia kuliko mengine, la kudhani kwamba kila anayeishi kijijini ni maskini. Kifungu kikisema bibi fulani anaishi katika "thatched cottage", yaani nyumba ndogo ya zamani iliyoezekwa kwa mabua au matete, wanafunzi wetu wengi huandika kwamba bibi huyo hakuwa na uwezo wa kununua bati. Ni hitimisho la busara kabisa kwa mtoto aliyekua akiona nyumba ya nyasi ikibomolewa mara tu mwenyewe anapopata fedha. Nyumba hizo kwa asili zilikuwa za vibarua wa mashambani, na karne mbili zilizopita jibu la mtoto lingekuwa sahihi. Leo mambo yamegeuka. Fundi wa kuezeka kwa mabua ni mtu adimu na malipo yake ni makubwa, bima ya moto ya paa la namna hiyo ni ghali zaidi, na nyumba nyingi za aina hii zimeorodheshwa kisheria kuwa urithi wa majengo, hivi kwamba mwenyewe hawezi kubadili paa bila kibali. Anayeishi humo mara nyingi ni mtu mwenye fedha zake.

Nyumba hizo zimekuwa chanzo cha ugomvi pia. Watu wa mijini hununua nyumba ya pili katika vijiji vizuri vya pwani na kuja wakati wa likizo tu, bei zinapanda, na vijana waliozaliwa pale wanakosa pa kuishi. Katika mji wa St Ives, huko Cornwall, wakazi walipiga kura mwaka 2016, na zaidi ya watu wanane kati ya kumi waliunga mkono kwamba nyumba mpya zijengwe kwa ajili ya watu watakaokaa humo mwaka mzima. Sisemi haya ili mtu adhani sasa kwamba umaskini hauko mashambani Uingereza. Uko, na unaonekana katika jambo moja ambalo vifungu vya habari hulitaja bila kulieleza: basi la mwisho. Katika vijiji vingi basi la mwisho huondoka mapema, na siku nyingine halipo kabisa, kwa hiyo asiye na gari hawezi kwenda hospitali wala kazini kwa urahisi. Wahusika wa hadithi wanapokimbilia basi hilo, hawana haraka ya bure.

Maneno "farmer" na "peasant" nitayapitia kwa kifupi, ingawa yana madhara. Wote wawili tunawaita wakulima. Lakini "farmer" wa vitabu hivi ni mtu anayeendesha shamba ambalo kwa wastani lina hekta 80 hivi, yaani karibu ekari 200, likiwa lake au amelikodi, na ana trekta na madeni ya benki. "Peasant" ni neno la historia, na leo kumwita nalo Mwingereza aliye hai ni tusi. Mwanafunzi aliyezoea maneno ya wakulima na wafanyakazi katika vitabu vya historia na siasa huandika kwa heshima zote kwamba baba yake ni "peasant", naye msahihishaji wa kigeni anaduwaa. Andika "small-scale farmer" na utaeleweka.

"Corn" nalo. Kwa Mmarekani ni mahindi, na kwa kuwa sisi ni watu wa ugali, tunaipokea maana hiyo kwa furaha. Kwa Mwingereza wa kifungu cha habari ni nafaka ya eneo lake, hasa ngano na shayiri. Konde la "corn" linalong'aa kama dhahabu mwezi Agosti ni konde la ngano. Wanafunzi wa historia wanaosoma juu ya zile sheria za nafaka za mwaka 1815, zilizofutwa mwaka 1846, hawana budi kulikumbuka hili, la sivyo watadhani Bunge la London lilikuwa likigombana juu ya mahindi.

Njia inayokatisha shamba la mtu

Sasa tufike kwenye jibu la kwanza la kijana wetu. Aliona watu wakiingia katika konde la mkulima, wakapita katikati, wakatokea upande wa pili, na hakuna aliyeomba ruhusa. Kwao ni kosa? Si kosa, na sababu yake ndiyo jambo zuri kuliko yote katika mada hii.

Kifungu kilitumia maneno "public footpath". Mwanafunzi anayajua yote mawili, "public" ni ya umma na "footpath" ni njia ya miguu, kwa hiyo anahitimisha kwamba ardhi ile ni ya umma. Sivyo. Ardhi ni ya mkulima, na hati iko kwa jina lake. Kilicho cha umma ni haki ya kupita juu ya ukanda ule mwembamba tu. Fikiria kijia kinachokatisha shamba la jirani yako kuelekea kisimani au msikitini, ambacho bibi yako alikipita, mama yako akakipita, nawe unakipita bila kubisha hodi. Kwetu kijia hicho kinaishi kwa hisani ya jirani. Siku akifa na mwanawe akauza shamba, mnunuzi ataweka seng'enge na watu watazunguka. Katika England na Welisi sheria inasema kwamba watu wakiipita njia hadharani kwa miaka 20 mfululizo, bila kutumia nguvu, bila kificho na bila kuomba ruhusa, na mwenye ardhi asionyeshe kwa vitendo kwamba hakubali, basi anahesabiwa kuwa ameitoa kwa umma. Njia hizo huandikwa katika ramani rasmi zinazotunzwa na serikali za mitaa, na zikijumlishwa na zile za wapanda farasi, urefu wake unapita kilomita 200,000.

Haki hii ina meno. Mkulima anaruhusiwa kulima konde lenye njia katikati, lakini akishalivuruga kwa jembe la trekta ni lazima airudishe njia katika hali ya kupitika, kwa kawaida ndani ya siku 14, na mazao yakiota hana budi kuuacha ukanda ule wazi. Akiweka uzio kuzuia mifugo, hapo ndipo panapowekwa kile kitu ambacho kamusi zetu hushindwa kukieleza, kiitwacho "stile". Ni ubao mmoja au mbili uliopitishwa katikati ya uzio kwa chini, kama kipago cha ngazi, na nguzo moja iliyorefushwa ya kushika kwa mkono. Unakanyaga ubao, unavusha mguu mmoja juu ya uzio, unakanyaga upande wa pili, unashuka. Mtu anapita na ng'ombe anabaki. Kwenye nguzo hupigiliwa mshale mdogo, wa manjano kwa njia ya waendao kwa miguu na wa buluu kwa njia ya farasi. Mshale huo ndio ruhusa ambayo kijana wetu aliitafuta katika kifungu na hakuiona.

Mpitaji naye ana wajibu wake. Abaki njiani, aliache lango alivyolikuta, amzuie mbwa wake asisumbue kondoo, na asichume kitu cha mkulima. Akitoka nje ya njia anakuwa ameingia ardhi ya mtu bila haki, ingawa hata hapo, katika England, kuingia tu bila kuharibu kitu kwa kawaida ni suala la madai kati yake na mwenye ardhi, wala si jinai ya kumpeleka polisi. Kule Uskoti mambo ni mapana zaidi: sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu katika ardhi yote, mradi awe na adabu na asiingie uani mwa nyumba ya mtu. Nataja hili kwa sababu sisi huita nchi yote "Uingereza", na kifungu kinachosimulia matembezi ya Uskoti hakiongozwi na sheria za England.

Mtu asidhani haki hizi zilitolewa kwa ukarimu. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wa viwandani kutoka Manchester na Sheffield walipanda mlima uitwao Kinder Scout, ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga ili ndege wa porini wafugike vizuri kwa ajili ya kuwindwa na matajiri. Walikabiliana na walinzi wa ndege hao, na kijana mmojawapo, Benny Rothman, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alifungwa miezi minne. Kwa kuwa kuingia katika ardhi hakukuwa jinai, mashtaka yaliyopelekwa mahakamani yalikuwa ya fujo. Sheria ya hifadhi za taifa na ya kuwafungulia watu mashambani ilipitishwa mwaka 1949, na mwaka 2000 sheria nyingine ikawaruhusu watu kutembea kwa uhuru, hata nje ya njia, katika milima na nyika za England na Welisi zilizoainishwa.

Ardhi ya pamoja yenye mwenyewe

Neno "common" nalo linafuata mantiki hiyohiyo. Nimesoma insha iliyotafsiri "the ponies on the common" kuwa "farasi wa kawaida". Hapa "the common" ni eneo la malisho, lakini hata anayeijua maana hii huongeza kosa la pili kwa kudhani kwamba eneo hilo ni la kila mtu. Lina mwenyewe; ila watu fulani, mara nyingi kwa sababu ya nyumba au shamba wanaloishi, wana haki za kale juu yake: kulisha mifugo, kuokota kuni, kuchimba udongo wa mboji wa kuwashia moto. Wamaasai na Wagogo wanaolisha katika nyanda za pamoja wataielewa hali hiyo upesi kuliko mtoto wa Nairobi.

Mfano mzuri ni New Forest, kusini mwa England, ambako farasi wadogo hutembea barabarani na kusimamisha magari. Watalii huwaita farasi mwitu, na vitabu vingine vya mazoezi huwaita hivyo, lakini kila mmoja ana mwenyewe na ana alama ya chuma cha moto mwilini. Wakati wa vuli, matunda ya mialoni yanapodondoka, wenye haki huwaachia nguruwe wao msituni wayale, kwa sababu matunda hayo yakiwa mabichi huwaua farasi, na nguruwe hayamdhuru. Hata neno "forest" hapa linadanganya macho. Mfalme William aliyekuja kutoka Normandy alipoitenga ardhi hii katika karne ya 11, neno hilo lilimaanisha eneo la mfalme la kuwindia, liwe na miti au lisiwe nayo, na hadi leo sehemu kubwa ya New Forest ni uwanda wa vichaka vifupi.

Zamani ardhi ya namna hii ilikuwa kubwa zaidi sana. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuifunga na kuigawa, zikagusa zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England yote. Wenye nguvu walipata mashamba makubwa, na wengi waliokuwa na ng'ombe mmoja wa kulisha pale walibaki vibarua au wakakimbilia viwandani. Alama ya tendo hilo imebaki ardhini na ndiyo mandhari inayosifiwa katika kila kifungu cha habari: makonde ya pembe nne yaliyotenganishwa na nyua za miti. Ua huo, "hedge", mwanafunzi wetu anaujua vizuri asipotishwa na jina, kwani ni jamaa ya ua wa minyaa kule Dodoma na ua wa michongoma katika Kenya ya Kati. Wa kwao ni wa miiba myeupe kwa maua mwezi Mei. Unapozeeka na kuacha matundu chini, fundi hukata kila shina karibu na ardhi, si kulikata kabisa bali kuliacha likishikiliwa na ganda na ubao mwembamba, akalilaza mshazari juu ya mwenzake. Shina linaishi, linachipua upya toka chini, na ua unakuwa mzito kiasi cha kumzuia kondoo. Mtunzi wa zoezi anauona ua huo kama uzuri wa asili. Kila ninapoufundisha huwaambia wanafunzi wangu kwamba nyua nyingi kati ya hizo zilipandwa na mtu ili mwingine asipite.

Swali la hifadhi

Kuna swali la kweli au si kweli linalojitokeza tena na tena: "Watu wanaishi ndani ya hifadhi ya taifa." Wanafunzi wetu karibu wote hujibu si kweli. Kwa hifadhi tunazozijua wako sawa. Kwa Uingereza hawako sawa, na ni haki yao kuambiwa sababu. Huko kuna hifadhi za taifa 15, kumi zikiwa England, tatu Welisi na mbili Uskoti, na ndani yake mna vijiji, mashamba ya kondoo, shule na maduka. Sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi, na kazi ya mamlaka ya hifadhi ni hasa kusimamia ujenzi na kulinda mandhari. Ya kwanza, Peak District, ilitangazwa mwaka 1951, na humo wanaishi zaidi ya watu 30,000. Mwaka huohuo wa 1951, chini ya utawala wa Waingereza, Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo yao ndani yake wakatakiwa kuhama kwenda upande wa Ngorongoro. Jina lilikuwa moja, na serikali iliyolitumia ilikuwa moja, lakini kwao hifadhi ilikuja kuwahifadhi watu na makondoo yao pale walipo, na kwetu ilikuja kuwaondoa. Mtoto anayekosa swali hili anakumbuka sawasawa kile neno lilichomaanisha katika ardhi ya babu zake.

Kuhusu baa sina mengi. "Pub" ya kijiji ni mahali pa pombe, ndiyo, lakini pia ni mgahawa wa chakula cha mchana, ni kijiwe, na mara nyingi ndiyo sehemu pekee iliyobaki ambako wanakijiji hukutana. Mtoto aliye na mzazi wake huruhusiwa kuketi humo kula, ingawa hauziwi pombe. Maneno "baa" na "kilabu" yanatuletea picha ya mahali ambapo mzazi mwenye heshima hampeleki mwanawe, na ndiyo sababu jibu la pili la kijana lilikuwa na maadili mema na alama sifuri.

Limebaki la saa, ambalo nilimfafanulia kijana mwenyewe, kwa globu na tochi mezani kwao. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumejengea saa zetu juu ya jua: likichomoza tunaanza kuhesabu, na saa moja asubuhi na saa moja jioni hazituhadai mwaka mzima. Uingereza iko mbali kaskazini. Mwezi Juni upande ule wa dunia umeinamia jua, kwa hiyo London hupata mwanga kwa zaidi ya saa 16, na isitoshe Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa nzima kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katikati ya Juni jua la London huzama saa tatu na dakika ishirini hivi, saa ambayo sisi tunaiita usiku na wao wanaiita "evening", jioni, kwa sababu kweli wanaiona kuwa jioni. Watoto wale walikuwa wakicheza mpira mwangani saa tatu, na mwandishi hakukosea kitu.

Kijana aliinamisha globu upande wa pili, akaitazama kwa muda, kisha akauliza: "Sasa Desemba, mwalimu, watoto haohao wanakwenda shule gizani?" Nikamwambia ndiyo. Kaskazini ya Uskoti jua la Desemba huchomoza karibu saa tatu asubuhi, na wengi wao huwa wameshatoka nyumbani.